Kijani cha Jumatatu

Killiecrankie, Kisiwa cha Flinders
Jumapili, 25 Februari 2018

Jarek,

Kalamu hii inakwama kama trekta langu, kwa hiyo mahali wino ulipokatika jaza mwenyewe.

Nimeiweka namba yako ndani ya ile programu ya simu ya Merrin. Noreen wa shamba la jirani ndiye aliyenisaidia, maana vidole vyangu ni vya kukatia manyoya ya kondoo, si vya kugusagusa vioo. Kuanzia sasa kila asubuhi saa kumi na mbili, nikishaamka na kubonyeza kitufe cha Niko Sawa, kwa Merrin kule Melbourne patakuwa kijani, na kwako Launceston patakuwa kijani. Yeye hajui kama na wewe umo. Usimwambie. Atasema nimechukua upande.

Mimi sina upande. Mlioana mkiwa na akili zenu, mkaachana mkiwa na akili zenu, na mpaka leo sijaelewa. Watu huachana kwa ulevi, kwa wanawake wa nje, kwa mama mkwe. Ninyi mmeachana kwa kitu ambacho hata hakishikiki. Krismasi nilimuuliza Merrin, akanieleza saa nzima. Nilichoambulia ni hiki: mliandika pamoja maktaba, yaani furushi la msimbo mnaogawa bure duniani kote ili wengine wajengee programu zao za simu. Kazi ya furushi hilo ni kusikiliza. Jambo likibadilika huku, skrini ibadilike kule bila mtu kuisukuma. Sasa mkagombana: mtu akija kusikiliza akiwa amechelewa, aambiwe nini? Wewe ukasema asiambiwe kitu, asubiri jipya. Yeye akasema apewe lile la mwisho lililosemwa. Basi. Mkagawana. Wewe ukabaki na Currawong, yeye akaenda kuanzisha Petrel, na kila mmoja ana wafuasi wake wanaotukanana mtandaoni kwa lugha ya adabu. Majina ya ndege hao wote wawili mlipewa na mimi, na hakuna aliyeniuliza nani achukue yupi.

Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekaa na mama yako miaka arobaini na moja, na kila nilipochelewa mezani aliniambia yote, kuanzia la kwanza. Hakucheka. Wewe ungecheka.

Njoo msimu wa kuwinda ndege ukifunguliwa. Nimetengeneza kitanda cha chumba cha nyuma, hakilii tena.

Baba mkwe wako, kwa kuwa karatasi za mahakama hazikunitaja mimi,
Clarrie Tregenza


Launceston
Jumanne, 13 Machi 2018, saa nne asubuhi

Merrin,

Najua jina langu likitokea kwenye sanduku lako la barua pepe unavuta pumzi kwanza. Vuta, nakusubiri. Si ugomvi, ni kazi.

Kuna chama cha huduma za wazee huku kaskazini mwa Tasmania. Wanataka programu ya simu kwa wazee mia nne wanaoishi peke yao, na wameniomba niwaandikie ulinganisho wa maktaba huria za kusikiliza mitiririko ya taarifa ili wachague ya kujengea. Za makampuni makubwa wamezikataa. Wanataka ambayo mtu wao ataweza kuifungua na kuisoma ndani. Zimebaki mbili, na unazijua. Nimewaambia mimi ni baba wa Currawong na mtalaka wa mama wa Petrel. Wakacheka, wakasema ndiyo sababu nitakuwa mkweli. Watachagua tarehe 20 Aprili.

Nina maswali matatu. La kwanza ni uzito. Petrel inaongeza kiasi gani kwenye programu? Currawong imenenepa, nakiri, ina vifaa zaidi ya mia na watu wanatumia kumi. La pili, msikilizaji wa ndani ya msimbo akisahaulika bila kufungwa, mnamwondoa wenyewe au anabaki akila kumbukumbu ya simu mpaka inakwama? Kwangu anabaki, na kila wiki nalaaniwa kwa hilo.

La tatu. Mtu akifunga programu, akaifungua kesho yake kabla upande wa pili haujasema kitu kipya, Petrel inamwonyesha nini? La jana? Na je, kuna namna yoyote ya yeye kujua kwamba ni la jana?

Hilo la tatu naomba unijibu leo ukiweza. Mengine yanaweza kusubiri.

Jarek


Melbourne
Jumatano, 14 Machi 2018, saa nne asubuhi

Jarek,

Jana ulitaka leo, leo umepata. Nilikuwa na kikao mchana kutwa.

Uzito: theluthi moja ya Currawong. Tuliacha vikorombwezo makusudi. Msikilizaji aliyesahaulika: skrini yake ikifa, na yeye anakufa nayo, hatuachi mizimu. Nakumbuka nilikushauri hivyo ukiwa bado unanisikiliza.

Na la tatu. Miaka minne, Jarek, na bado uko palepale. Ndiyo, inamwonyesha la mwisho, hiyo ndiyo kazi yake. Mtu akifungua simu hataki kukuta skrini tupu kama sebule ya watu wanaohama. Akitaka na saa ionekane, mwenye programu aiandike mwenyewe. Si kazi ya maktaba kumshika mtu mkono.

Kama unatafuta mfano, chukua wangu. Nilimtengenezea baba kitufe kwa Petrel, kimoja tu, kikubwa kama kisahani. Anakibonyeza akiamka, halafu mimi saa mbili nikiwa kwenye treni nafungua na kukuta kijani. Jana kijani, leo kijani, nafunga simu naendelea na siku yangu. Kwa Currawong yako ningekuwa nimechelewa kwa saa mbili, ningekuta peupe, ningepatwa na presha kila asubuhi bure. Andika hilo kwenye ulinganisho wako, kama kweli wamekuchagua kwa ukweli.

Merrin


Launceston
Jumatano, 14 Machi 2018, saa saba mchana

Merrin,

Asante kwa majibu. Mfano wa mzee nitautumia.

Hajambo lakini? Ukimpigia leo, nisalimie.

Jarek


Melbourne
Jumanne, 27 Machi 2018

Jarek,

Nilikuona kanisani Whitemark siku ya mazishi. Ulikaa safu ya mwisho, na watu walipotoka kwenda kunywa chai ukawa huonekani. Sijui nani alikuambia. Nadhani ulisoma tangazo gazetini. Asante kwa kuja. Angefurahi, alikupenda, na sikuwahi kumkataza.

Wengi wananiuliza, na wewe utataka kujua. Baba alianguka uani tarehe 15, siku ya Alhamisi. Ilikuwa ghafla. Noreen alikuja kumletea barua zake akamkuta ameshafariki. Hakuteseka. Naomba nisiulizwe zaidi ya hapo.

Jambo moja la kazi. Ule mfano wa kitufe niliokupa, uondoe kwenye ulinganisho wako. Tafuta mwingine.

Merrin


Launceston
Jumanne, 3 Aprili 2018

Merrin,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikafuta. Pole. Pole sana. Najua neno ni dogo, sina kubwa zaidi. Mzee Clarrie alinifundisha kuendesha trekta kwenye mteremko na kunyamaza mezani, na cha pili ndicho kilichokuwa kigumu kwangu. Uliposema ilikuwa ghafla, na kwamba hakuteseka, nilikaa chini jikoni nikalia, na sehemu ya kilio ilikuwa shukrani. Sitaeleza zaidi.

Mfano nimeuondoa kama ulivyotaka. Lakini nataka usome sehemu ya mwisho ya ulinganisho kabla sijawapelekea, kwa sababu inakuhusu, na kwa sababu nimechelewa miaka minne kuiandika. Ni hii:

"Currawong ni kongwe. Ina vifaa vingi, wajuzi wengi wa kujibu maswali, na vitabu vya mafunzo katika lugha saba. Lakini ni nzito, inamtaka mwandishi akumbuke kumfunga kila msikilizaji, na mtu akichelewa inamwacha mbele ya skrini tupu. Petrel ni changa na wajuzi wake ni wachache. Hata hivyo ni nyepesi, inajisafisha yenyewe, na kila anayeifungua hupewa la mwisho lililojulikana. Kwa programu ya wazee, ambako binti au mwana anafungua simu mara moja kwa siku akiwa njiani kwenda kazini, tabia hiyo ni utulivu wa moyo. Mwandishi wa ulinganisho huu aliipinga kwa miaka mingi. Alikosea. Pendekezo letu ni Petrel."

Hiyo ndiyo sentensi uliyoitaka jikoni kwetu mwaka 2014, nami nikaenda kulala bila kuisema. Natamani ningeisema wakati ule. Sikuandiki ili urudi. Naandika ili angalau kitu kimoja mwezi huu kikuendee vizuri.

Nitawapelekea tarehe 17.

Jarek


Melbourne
Jumapili, 15 Aprili 2018

Jarek,

Usipeleke.

Sikukuambia ukweli. Hakuna niliyemwambia, hata Padri. Noreen anajua na daktari anajua, na sasa utajua wewe.

Baba hakuanguka Alhamisi. Alianguka Jumatatu. Aliamka, akabonyeza kitufe saa kumi na mbili, akanywa chai, akaenda kupanda ngazi ya tangi la maji kutoa majani kwenye chujio. Ngazi ikateleza. Nyonga ikavunjika. Simu ilikuwa jikoni dirishani, maana ni pale tu mtandao unaposhika. Alijiburuza mpaka kwenye kivuli cha tangi. Bomba lilikuwa linadondoka, amekuwa akiahidi kulitengeneza tangu Krismasi, na daktari anasema maji yale ndiyo yaliyomweka hai. Alikuwa hai Jumanne kutwa. Alikuwa hai Jumatano, anasema mpaka alasiri, labda mpaka jioni. Visigino vyake vilikuwa vimechimba mifereji miwili kwenye udongo. Noreen alijaribu kuifukia kabla sijafika, akashindwa kuimaliza.

Na mimi Jumanne saa mbili nilifungua simu nikaona kijani. Jumatano saa mbili nikaona kijani. Alhamisi saa mbili nikaona kijani, na saa tano Noreen akanipigia, nikambishia. Nilimbishia, Jarek. Nilimwambia haiwezekani, ameshabonyeza leo.

Unajua tayari kilichotokea, wewe hasa. Nilikuwa nimeandika rangi ifutwe siku ikiisha. Lakini niliifuta kwenye skrini, sikuifuta kwenye chanzo, pale Petrel inapolihifadhi la mwisho. Kila nilipofunga programu na kuifungua, Petrel ilifanya nilichoifundisha. Ilinipa la mwisho. Ilinipa kijani cha Jumatatu. Kwa miezi mitano sikugundua, kwa sababu kila siku yeye alikuwa amenitangulia kubonyeza.

Barua yangu ya tarehe 14 niliituma saa nne asubuhi. Nilijisifu. Nilikuandikia jana kijani, leo kijani, na wakati ule baba yangu alikuwa amelala kando ya tangi, akisubiri mtu mmoja tu ashangae kimya chake. Nilimtengenezea kitu ili mimi nisilazimike kumpigia. Sema nilikuwa na kazi nyingi, kila mtu anasema. Simu ya dakika mbili.

Nilipanga kunyamaza. Watu wakijua, Petrel imekwisha, na Petrel ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho ni changu. Kisha ukaniletea ile sifa, umeiandika vizuri, na nimeisoma nikiwahesabu wale wazee mia nne. Utulivu wa moyo, umeandika. Sikuweza kula siku mbili.

Waambie. Andika jina langu.

Merrin


Launceston
Jumatatu, 16 Aprili 2018

Merrin,

Nilijua.

Naandika hivyo juu kabisa ili nisije nikazungukazunguka tena. Sikujua kwamba ameanguka. Ningejua hilo ningeogelea kwenda. Lakini nilijua kijani kile hakina maana, na nililijua hilo tangu Jumanne, akiwa bado hai.

Mzee aliiweka namba yangu kwenye programu yako mwezi wa pili. Aliniomba nisikuambie, barua yake yenyewe nakutumia kwa posta uone mwenyewe. Jumanne ile niliamka mapema kwenda Devonport. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua programu bila kufikiri, nikakuta kijani. Baba yako haamki saa kumi na moja, hata kondoo wake wanalijua hilo. Nikasimama na viatu mkononi. Nikaelewa hapohapo kwamba ni la jana, na kwamba litakuwa la jana kesho na keshokutwa, na kwamba wewe huoni.

Saa tatu, nikiwa nimesharudi, nikampigia. Haikupokelewa. Nikasema yuko malishoni. Ndipo nikakuandikia zile kurasa za maswali. Swali la tatu halikuwa swali. Chama kilikuwepo na kazi ilikuwepo, lakini barua yenyewe niliiandika kwa ajili ya swali lile. Nilidhani ukilisoma utashtuka, utaangalia, utampigia. Nililifunga kwenye lugha yetu ya kazi kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyobaki nayo ambayo kwayo hatupigiani kelele. Nilisema moyoni, nikimwambia Merrin "programu yako ina kasoro", atasikia "nilikuambia". Nikimwambia "nampigia baba yako", atajua tunaongea nyuma ya mgongo wake, na mzee alinikataza. Nikachagua njia ya mtu mwerevu.

Jioni nilimpigia tena. Haikupokelewa. Jumatano ulinijibu "jana kijani, leo kijani", na najua, Merrin, mimi kuliko mtu yeyote duniani najua kijani chako kilikuwa kilekile changu. Nikajidanganya kwamba labda chako ni kipya. Nikaandika nisalimie. Hapo ndipo ujasiri wangu wote ulipofika. Ilikuwa saa saba mchana. Umeniambia sasa kwamba daktari anasema alasiri.

Uliposema ilikuwa Alhamisi, na ghafla, nilikuamini kama mtu anayezama anavyoamini ubao. Ikawa kasoro haikumdhuru mtu. Ikawa naweza kukusifu bila hatia. Ile sifa niliiandika kwa upendo, lakini niliiandika pia ili niache kuwaza.

Leo nimewaandikia chama. Nimewaambia kila kitu, cha Petrel na cha kwangu, na kwamba mtu wa pili alikuwa akisikiliza, akagundua, akauliza kwa adabu.

Sijui nikuombe nini.

Jarek


Killiecrankie, Kisiwa cha Flinders
Jumapili, 29 Aprili 2018

Jarek,

Nimekuja kufungasha nyumba. Noreen amechukua kondoo. Ngazi nimeichoma.

Kwanza ya kazi, maana nina nguvu nayo zaidi. Siku uliyowaandikia chama, na mimi niliandika ukurasa wa mbele wa Petrel, mahali ambapo kila anayekuja kuichukua lazima apite. Nimeeleza kilichotokea, saa kwa saa, na nimeeleza namna ya kulishika la mwisho pamoja na wakati wake, kwamba bila wakati lisionyeshwe. Wamekuja mamia kusoma. Kuna waliolia na mimi. Kuna walioandika kwamba kosa ni la programu, si la maktaba, na kwamba si kazi ya maktaba kumshika mtu mkono. Wameyanukuu maneno yangu kutoka kwenye mafunzo niliyoandika mwenyewe. Chama kimechukua Currawong. Wamefanya vizuri. Waambie waweke na saa, na waambie bado wapige simu.

Sasa yako. Barua yako ya Jumanne ile, ya maswali matatu, nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Ungeandika "mpigie baba yako". Maneno matatu, Jarek. Wewe uliyeandika kurasa elfu za mafunzo. Nilikuchukia siku kumi, sikufanya kazi nyingine. Nilikuwa nikiamka nakuchukia, napiga mswaki nakuchukia.

Siku ya kumi na moja nikajiuliza ningefanya nini ungeyaandika hayo maneno matatu. Nataka niseme ningempigia. Lakini nakujua ulivyokuwa kwangu na najijua nilivyokuwa kwako. Ningesema huyu anaanza tena. Ningefungua simu, nione kijani, halafu nikujibu kwa furaha kwamba nimeona, yuko salama, tafuta kasoro kwingine. Sina hakika. Ndicho kinachoniumiza, kwamba sina hakika hata ya hilo.

Sijakusamehe. Na mimi sijajisamehe, kwa hiyo usidhani nakuonea. Barua ya baba nimeibakiza, samahani, sitakurudishia. Kitanda cha chumba cha nyuma kweli hakilii. Nimekilalia.

Jana asubuhi nilisimama jikoni dirishani na simu yake. Nilitaka kuufunga mtiririko wake, nisimwache akiendelea kunena kwenye simu zetu. Nikaifungua ile programu kutoka upande wake. Sikuwahi kukaa upande wake tangu siku niliyoijaribu. Nikatafuta pa kufungia, pa kusema basi, pa kusema njoo, pa kusema nimeanguka. Hapapo. Niliandika kitufe kimoja, kwa sababu nilikuwa na jambo moja tu nililotaka kusikia.

Simu yangu niliiweka mezani kando ya yake, kijani cha Jumatatu kikiwa bado kinawaka. Kisha nikakibonyeza kitufe chake, nione kipya kinatofautianaje na cha zamani. Nikangoja. Hakuna kilichobadilika. Rangi ileile, mahali palepale, na kwako Launceston najua ilikuwa vivyo hivyo, hukuona kitu.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Nilibonyeza mimi, Jarek, na sikuwa sawa.

Merrin